ELIJAH MASINDE: MTU ALIYEKATAA KULIPIA VITA VISIVYOKUWA VYAKE

Wahariri wa jarida letu la Chama cha Kiswahili waliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, rafiki zangu wa bwenini walidhani nitamchagua mwanasoka wa Ulaya. Kumbe mwanasoka nimempata kweli, ila yeye alicheza hapa hapa kwetu Kimilili, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Jina lake ni Elijah Masinde.

Hebu kwanza niwaeleze jinsi nilivyomfikia. Muhula wa pili mwalimu wetu wa historia alitufundisha jinsi Ulaya ilivyojengwa upya baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Somo lile lilinikaa sana. Nilikariri kwamba Marekani, kwa mpango uliopewa jina la waziri wake George Marshall, ilitoa zaidi ya dola bilioni 13 kuanzia 1948, na kwamba Uingereza ndiyo iliyopata fungu kubwa kuliko nchi zote. Shule zilipofungwa nilipanda matatu pale Bungoma, tukapita Chwele, Kimilili na Kamukuywa, nikafika kwetu Kitale nikiwa na hamu ya kumtambia babu. Babu yangu alizaliwa 1938 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kabla ya hizo dola kufika, ni nani aliyekuwa akiwalisha hao Waingereza na askari wao. Nikakwama. Babu akasema nikitaka jibu nikamtafute Masinde, halafu akaongeza haraka kwamba hamaanishi Masinde Muliro.

Hapa naomba niwasaidie wanaochanganya majina, maana hata darasani kwetu wapo. Masinde Muliro alikuwa mwanasiasa, mbunge na waziri, aliyefariki Agosti 1992, na chuo kikuu cha Kakamega kina jina lake. Elijah Masinde hakuwahi kuwa mbunge wala waziri. Alikuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, na serikali zote mbili, ya mkoloni na ya Uhuru, zilimfunga.

Alizaliwa yapata mwaka 1910 upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Wazazi wa kizazi chake walikuwa bado na kidonda cha 1895, wakati Waingereza chini ya Hobley walipowapiga Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Chetambe mnaijua, ni kile kilima cha karibu na Webuye ambacho baadhi yetu hukipanda Jumamosi tukipata ruhusa. Masinde alisoma katika misheni ya Friends, yaani Wakweka, akawa muumini wao. Alikuwa hodari wa mpira hadi akaongoza timu ya Kimilili. Baadaye alioa mke wa pili, na kanisa likamtenga. Aliajiriwa katika baraza la mahakama ya Waafrika, kazi yake ikiwa kupeleka hati za kuwaita watu kortini. Kwa hiyo msidhani alikuwa mtu wa porini asiyejua mambo ya serikali. Alizishika karatasi zake kwa mikono yake mwenyewe na kuwapelekea jirani zake, na huenda ndipo alipoanza kuchukia.

Sasa nije kwenye vita, maana bila vita huwezi kumwelewa.

Hapo nyuma, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Uingereza ilikuwa na askari wengi waliorudi nyumbani bila kazi. Mwaka 1919 ikaanzisha mpango wa kuwapa mashamba Kenya, na sehemu kubwa ya ardhi ya Trans Nzoia ikaingia katika mikono ya walowezi wa namna hiyo. Reli ya kuja Kitale ikajengwa katikati ya miaka ya 1920 ili kubeba mahindi yao. Waafrika waliokuwa wakilisha ng'ombe huko, na wengine waliovuka kutoka Bungoma kutafuta malisho, wakawa maskwota. Maana yake, unaruhusiwa kujenga kibanda na kulima kipande kidogo, lakini unamfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo ya skwota. Baba ya babu yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanane. Alipoambiwa apunguze, alibaki na watatu.

Vita vya pili vilipoanza 1939, mambo yakazidi. Vijana walichukuliwa kwenda jeshi la Keya, wakapigana na Waitaliano Ethiopia kisha wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Waliobaki nao hawakuachwa. Kuanzia 1942 serikali iliruhusu watu kuandikishwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwa sababu ati mahindi na mkonge ni kazi ya lazima ya vita. Mwaka huo huo mlowezi akahakikishiwa malipo kwa kila ekari aliyolima, hata mazao yakiharibika, na akapewa ruzuku ya kufungua ardhi mpya. Mwafrika hakupata ruzuku hiyo. Gunia lake la mahindi lilinunuliwa kwa bei ya chini kuliko gunia la mlowezi, ingawa mahindi ni yale yale na tumbo la askari halikujua tofauti. Kisha 1943 njaa ikaingia nchini.

Jamani, nilipoyasoma haya nilirudi kwa babu nikamwambia nimelipata jibu la swali lake. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliniambia niendelee kusoma.

Katika miaka hiyo hiyo, yapata 1943, ndipo Elijah Masinde alipoanza kuhubiri. Aliwaambia watu warudi kwa misambwa ya mababu, waombe wakielekea Mlima Elgon, na wazungu waondoke. Mimi si mtu wa kueleza mambo ya ibada, nitayaacha kwa wanaoyajua. Ninachotaka mwone ni kwamba mahubiri yale yalikuwa pia na hesabu ndani yake. Vita vile vilikuwa vya Wazungu kwa Wazungu. Kwa nini Mbukusu avilipie kwa mtoto wake, kwa mahindi yake na kwa siku zake za kazi?

Ugomvi wa wazi ulizuka 1944, na kilichouleta ni gugu. Ndiyo, gugu la shambani. Wale wanaosoma kilimo wanalijua, lile lenye harufu kali na maua madogo, marigoldi ya Meksiko. Maafisa wa kilimo waliamuru kila mtu aling'oe. Masinde akakataa kuling'oa katika shamba lake, na waliokuja kumlazimisha wakapambana naye na wafuasi wake. Nitasema ukweli wangu hapa hata kama wazee wa kwetu watakunja uso. Kuhusu gugu, Masinde alikosea. Nimelima mahindi tangu darasa la tatu, na shamba lenye marigoldi halikupi kitu. Lakini afisa aliyekuja kuamuru gugu ling'olewe alikuwa wa serikali ile ile iliyokuja kuchukua vijana, na mtu akishaibiwa mara tatu na mgeni yule yule hawezi kusikiliza vizuri mgeni huyo anapokuja mara ya nne kumshauri juu ya palizi.

Alishtakiwa. Kisha mwaka 1945, madaktari wa serikali wakaamua kwamba hana akili timamu, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko mpaka 1947. Nimefikiria sana jambo hili. Ukimfunga mtu jela, angalau umekubali kwamba alijua anachosema. Ukimpeleka Mathari, umemaliza mjadala.

Alipotoka alikuta vita vimekwisha, lakini bili ya vita ndiyo kwanza inasambazwa. Uingereza ilikuwa na madeni makubwa, haina dola, na chakula chake kinagawiwa kwa kadi. Wakubwa wa London wakatazama makoloni yao. Tanganyika, mwaka 1947, wakaanza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa ili wapate mafuta ya kula. Matrekta yakavunjika, mvua ikakataa, na 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza paundi zaidi ya milioni 36. Uganda wakulima wa pamba na kahawa walilipwa chini ya bei ya dunia, na iliyosalia ikawekwa akiba ambayo wao hawakuishika. Hapa Kenya serikali ikafungua tena mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, kuanzia 1946, na Trans Nzoia ikapokea wageni wapya.

Baba yake mkubwa babu alikuwa Burma. Alirudi na koti la jeshi, blanketi na pesa kidogo alizonunulia baiskeli. Alirejea shamba lile lile alilotoka, karibu na Kitale, akamkuta kijana wa Kizungu amepewa mkopo wa serikali na shamba la jirani, naye pia alikuwa ametoka vitani. Babu anasema wale wawili walikuwa wakisalimiana kijeshi kila asubuhi. Mmoja alikuwa anaingia ofisini kwake na mwingine anakwenda kukamua ng'ombe wa watu. Huyu baba mkubwa ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kumfuata Masinde.

Mnamo Septemba 1947 Masinde aliongoza umati kwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa 1895. Serikali ikataka kumkamata tena, akajificha. Februari 1948 mambo yakafika mahali pabaya. Tarehe 10, wafuasi wake walikwenda kwenye kituo cha polisi cha Malakisi kutaka wenzao waliokamatwa waachiliwe. Polisi wakafyatua risasi. Watu 11 wakafa. Siku chache baadaye Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na mwezi huo huo Masinde akakamatwa. Miezi miwili tu baadaye, Aprili 1948, Marekani ikatia sahihi zile dola nilizokuwa nikimtambia babu. Nimeziandika tarehe hizi mbili kwenye ukurasa mmoja wa daftari langu, na mwalimu wa historia aliniambia nisiziunganishe kwa nguvu, kwa kuwa moja haikuleta nyingine. Ni kweli. Hata hivyo nimeziacha pale pale.

Sisemi kwamba wafuasi wa Masinde walikuwa malaika. Nyumba na mali za walowezi Trans Nzoia zilichomwa moto usiku, na hata makanisa na shule hazikusalimika. Mimi nikiwa mwanafunzi siwezi kumsifu mtu aliyechoma darasa, kwa sababu yoyote ile. Aliyechoma shule Kimilili hakumchoma mlowezi wa Kitale, alimchoma mtoto wa jirani yake. Zipo pia hadithi za ajabu ajabu kuhusu Masinde, jinsi pingu zilivyokataa kumfunga na kadhalika. Hizo wasimulieni wazee jioni, msiziandike katika mtihani.

Alipelekwa mbali, Lamu kwanza, huko baharini. Wazia mtu wa mlimani, aliyezoea baridi ya Elgon na ugali wa wimbi, amewekwa katika kisiwa cha Waswahili kisicho na mlima hata wa kuegemea jicho. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi. Vita vya Mau Mau vilianza na vikaisha yeye hayuko. Aliachiliwa 1961, wakati Uhuru unagonga mlango.

Hapa ndipo kisa kinapoingia nyumbani kwetu, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo.

Nchi iliyokuwa inapata Uhuru ilikuwa imetoka vitani. Hali ya hatari ilidumu kuanzia 1952 hadi 1960, maelfu wamekufa, walowezi wengi wanataka kuondoka na pesa zao, na bei ya mashamba imeanguka. Viongozi wapya walikuwa na swali gumu. Mashamba ya Wazungu ndiyo yaliyokuwa yakileta mahindi, maziwa, kahawa na fedha za kigeni. Ukiyachukua bure, mikopo ya nje itakatika. Ukiyaacha, wananchi watauliza Uhuru ni wa nini. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuyanunua. Serikali ya Uingereza na Benki ya Dunia zilitoa mikopo, mlowezi akalipwa akaenda zake, na Mwafrika akapewa shamba pamoja na deni la kulipa kwa miaka mingi. Mpango mkubwa ulianza 1962 na ulilenga ekari milioni moja. Kando yake, watu walichanga pesa wakaunda kampuni na vyama vya ushirika ili wanunue mashamba makubwa kwa pamoja, na kwa njia hiyo Wabukusu wengi waliingia Trans Nzoia kama wenyewe na si kama maskwota.

Masinde hakukubali. Kwake yeye na kwa wafuasi wake, ardhi ile iliporwa, na mwenye mali hanunui mali yake. Alisema hivyo mbele ya mkoloni akafungwa, akasema hivyo hivyo mbele ya serikali ya Kenyatta akafungwa tena. Dini yake iliruhusiwa baada ya Uhuru kisha ikapigwa marufuku tena 1968. Mara kadhaa katika uzee wake alikuwa akiingia na kutoka jela. Alifariki 1987, na hakuwa amebadilisha neno.

Babu yangu alikubali. Mwaka 1965, akiwa na miaka ishirini na saba, alichanga na wenzake wakanunua shamba, naye fungu lake likawa ekari kumi na mbili. Anasema walianza na jembe la ng'ombe la kuazima. Kilichowaokoa ni mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilikuwa imeanzishwa Kitale 1956, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya mahindi iliyoitwa H611. Msimu wa kwanza wa mbegu hiyo babu alipata magunia ambayo baba yake hakuwahi kuyaona kwa mzungu. Alilipa deni kidogo kidogo, mwaka mzuri analipa, mwaka mbaya anauza ndama. Risiti ya mwisho ni ya 1983. Ameihifadhi katika mkebe wa bati pamoja na kipande cha baba yake, kile cha kuvaa shingoni.

Nikiwatazama wale wawili, Masinde na babu, sioni njia ya kusema mmoja ni mjinga. Nchi isingejengwa na watu wa namna ya Masinde peke yao. Kama kila mtu angesubiri kurudishiwa bure, yale mashamba yangeota vichaka, au yangenunuliwa na wenye pesa wa mbali, na kwa kweli mengine yalinunuliwa hivyo. Lakini babu alilipa kwa miaka kumi na minane ardhi ambayo baba yake aliilimia bure kwa siku 180 kila mwaka, na ng'ombe kumi na watano walioondoka hakuna aliyewaingiza katika hesabu ya mkopo. Mlowezi alilipwa alipokuja na akalipwa alipoondoka. Hilo Masinde aliliona mapema, akiwa hana darasa la uchumi.

Kaka mkubwa wa babu alibaki na Masinde. Alipoitwa achange 1965 alikataa, akasema hawezi kumnunua ng'ombe aliyeibwa zizini kwake mwenyewe. Aliishi na kufa huko Kimilili kwenye ekari mbili za urithi. Akija Kitale kwa msiba, alikuwa anasimama nje ya lango mpaka maiti itolewe, kisha anatembea na watu makaburini. Hakuwahi kulala katika shamba letu hata usiku mmoja, wala kula mahindi yake.

Alikuwa na wana watano, na zile ekari mbili zimegawanywa na kugawanywa tena. Mwaka huu wajukuu wake, ambao kwangu ni ndugu, walikuja kwa babu. Walikuja kwa heshima, na jogoo na sukari, wakaomba wapewe mahali pa kujenga. Hawakudai. Baba yangu na amu zangu wanasema kwamba shamba lililipiwa na risiti ipo. Shangazi anasema kaka mtu alifungwa na kupigwa kwa ajili ya ardhi hiyo hiyo, kwa hiyo naye alilipa, ila hakupewa risiti. Babu hajajibu upande wowote. Ameita mkutano wa ukoo mwezi wa Desemba tukishafunga shule, na ameniambia niende na daftari langu la historia.